Kinu Ambacho Hakipo Goma

Watu wa mtaa wetu walipotaka kumchokoza Profesa walimuuliza swali moja tu. "Muzee, siye tuko na volkano apa juu, tuko na gaz ndani ya ziwa, vita nayo haituache. Sasa we unaenda kutafuta na réacteur tena ya kazi gani?" Naye, badala ya kucheka na kupita zake, alisimama palepale barabarani, akaweka mkoba chini, akaanza kujibu. Alijibu mpaka aliyeuliza akajuta kuzaliwa.

Mimi sikuwa na nafasi ya kucheka, maana nilikuwa mwanafunzi wake. Yeye ndiye aliyekuwa directeur wa mémoire yangu, yaani msimamizi wa kazi ya mwisho ya chuo, na sahihi yake ndiyo iliyokuwa inakosekana. Bila sahihi hiyo hakuna défense, yaani kuitetea kazi mbele ya walimu wa jury, bila défense hakuna diploma, na bila diploma ningeendelea kufundisha hesabu sekondari kwa kushikilia nafasi, wa kuondolewa siku yoyote akitokea mwenye karatasi. Wenzangu wote walikuwa wamekwisha maliza, wakapata kazi, wakaoa na kuolewa. Mimi kila Jumamosi nilikwenda kwake na laptop mgongoni na kurudi na laptop ileile, bila sahihi, nikiwa nimetukanwa kistaarabu. Niseme mapema ili nisimdanganye mtu: huyu mzee alinichosha. Nimekutana na watu wagumu, wakiwemo askari wa vizuizini, lakini wote hao mwishowe wanakuachia upite.

Kazi yenyewe inaelezeka kirahisi. Ndani ya kinu cha nyuklia, hiyo réacteur, kuna moto usiozimika haraka, na kuna maji yanayozunguka kukipoza, maji ya moto sana yaliyobanwa kwenye mabomba manene. Bomba likipasuka, maji yanaruka nje na kugeuka mvuke, mvuke unajaza jengo la zege lililofunika kila kitu, na linabaki swali moja: ukuta utahimili, au utapasuka na kumwaga sumu nje? Hakuna anayepasua bomba la kweli ili aone. Watu wanaandika programu, wanaligawa jengo katika vyumba, wanaipa kompyuta vipimo vya kila bomba na kila ukuta, kisha kompyuta inahesabu hatua kwa hatua maji yameenda wapi na shinikizo limepanda kiasi gani. Profesa alijifunza hayo Ulaya akiwa kijana. Akarudi na programu yake, na kwa miaka yote niliyomjua alikuwa akilipasua bomba lilelile ndani ya kompyuta, huku jiji zima likihangaika na mengine.

Na kinu chake alikijenga Goma. Programu inataka kwanza uiandikie kwenye fichier, yaani faili lake la vipimo, hewa ya mahali ilivyo na pression yake, shinikizo lake, na watu wengine wote duniani wanaandika hewa ya usawa wa bahari na kuendelea na maisha yao. Yeye hapana.

"Professeur, iyi kinu iko wapi?" nilimuuliza nilipokuwa bado mgeni kwake.

"Iko apa."

"Apa wapi?"

"Goma! Hauone pression ya kuanzia? Ni hewa ya apa. Sitaki hewa ya Marseille ndani ya fichier yangu."

"Donc ungekubali wajenge réacteur apa Goma?"

Alinitazama kama nimemtukania mama. "Apa? Na volkano? We uko na kichwa kweli?"

Ndivyo alivyokuwa. Alikuwa tayari kulala barabarani kuzuia kinu kisijengwe Goma, na wakati huohuo alikuwa mtu pekee aliyewahi kukijenga.

Hewa ya kwetu ilikuwa imemkaa rohoni. Goma iko juu, hewa yake ni nyepesi, kwa hiyo maji yanachemka kabla ya kufika nyuzi mia. Vitabu vinasema mia. Profesa alilichukulia jambo hilo kama dharau aliyofanyiwa yeye binafsi. Aliweza kuingia jikoni na kipimajoto, akafunua sufuria ya maharagwe ya mke wake, akachovya, akasoma, akatoka na kutangazia wageni sebuleni kwamba vitabu vimeandikwa na watu wa pwani. Mke wake, ambaye sote tulimwita Mama Profesa, mwanamke wa upande wa Bukavu, mpole na mkatoliki hasa, alikuwa na jibu lake. "Papa, toka kwa jiko yangu. Maharagi haikusomaka ile vitabu yako. Itaiva saa yenye inataka."

Darasani alichukia neno moja kuliko matusi yote, nalo ni presque, yaani karibu. Ukimwambia jibu ni presque sawa, umejimaliza. "Presque njo nini?" alifoka, akimnyooshea chaki mwenye kosa. "Dada yako anaweza kuwa na mimba presque? Iko ama haiko!" Auditoire, darasa zima, ilicheka, yeye hakucheka, na aliyesema presque alitolewa nje akajifikirie.

Na kwa habari ya mimba, ngoja nieleze lililonipata. Lile jengo la zege linalofunika kinu, kwa Kifaransa linaitwa enceinte. Neno hilohilo, kama mnavyojua mliopita shule zetu, ndilo la mwanamke mjamzito. Mama yangu anauza ndagala na sambaza kavu, samaki wadogo wa ziwani, sokoni Birere, na Kifaransa chake ni cha sokoni. Siku moja nikaacha jalada la mémoire mezani: jina langu juu, jina la Profesa chini, na katikati, kwa herufi kubwa, ENCEINTE. Nilirudi kutoka kazini nikamkuta ameketi, mikono mapajani.

"Ni ya ule muzee?" akauliza.

"Nini ya muzee?"

"Usinifanye mujinga. Nimesoma. Jina yako, jina yake, na enceinte."

Nilicheka mpaka nikakaa sakafuni. Mama hakucheka hata kidogo. Jumamosi ilipofika alivaa kitenge chake cha misa akanisindikiza mwenyewe mpaka Himbi, kwenye nyumba ya mawe meusi ya Profesa, aone kwa macho yake. Profesa alifurahi kupita kiasi. Alidhani mama amekuja kwa ajili ya sayansi. Akamketisha, akachukua karatasi, akamchorea kuba, mabomba, vyumba na milango yake. "Enceinte yangu ni ya béton, mama. Ukuta yake ni nene kutoka apa mpaka pale." Mama alikunywa chai, akaitikia kila kitu kwa adabu. Tulipokuwa njiani kurudi akatoa hukumu: "Ule muzee haiko na hatari. Ila ni mugonjwa."

Sasa nifike kwenye maji, kwa sababu maji ndiyo yaliyotaka kuniua.

Kwetu umeme ukikatika pampu zinasimama, na pampu zikisimama jiji zima linateremka ziwani na madumu ya njano. Wenye uwezo wanaletewa na vijana wa chukudu, yale magari ya mbao ya kusukuma, kutoka ufukwe wa Kituku. Profesa alikuwa balaa kwa vijana hao. Alikagua kila dumu mlangoni, akilitazama kwa ubavu dhidi ya jua. "Iyi imepunguka. Kutoka Kituku mpaka apa, imemwangika wapi?"

"Muzee, njia ni mawe tupu."

"Mawe najua. Nauliza wapi. Kwa rond-point? Kwa mulima? Unabeba kitu na haujue kwenye imebaki?"

Kisha, baada ya kumtesa kijana wa watu, alichukua maji hayohayo, mchana jua likiwa kali, akayamwagia maua ya waridi ya mke wake mpaka udongo ukafuka mvuke. Nilishindwa kuvumilia. Nikamwambia, Professeur, umegombana kwa kikombe kimoja na sasa umemwaga dumu zima. Akashangaa kwa dhati. "Lakini ile haikupotea. Nusu iko kwa udongo, nusu iko hewani. Miye najua kwenye iko." Halafu akasema lile neno lake alilopenda kunisemea kila wiki: "Maji haipoteake, mutoto. Mutu njo anapotea."

Ndiyo maana hakusaini. Kila nilipomaliza kuendesha programu na kumletea matokeo, hakutazama ukuta kwanza, wala shinikizo. Alichukua kalamu, akahesabu kwa mkono maji yote yaliyokuwemo kwenye mabomba kabla ya ajali, kisha akahesabu yaliyoonekana baadaye: yaliyo sakafuni, yaliyoshikamana kutani kama jasho, yaliyo hewani kama mvuke. Na kila mara yalipunguka. Si mengi. Programu yenyewe iliandika mwishoni kwamba hesabu ya maji iko sawa, lakini yeye hakuiamini. "Inajihesabu yenyewe. We ulishaona mwizi anajikamata?" Akanirudishia karatasi. "Maji iko wapi?"

Niliyatafuta. Nilipekua vyumba vyote vya jengo lile lisilokuwepo, mlango kwa mlango. Niliandika upya sehemu zangu za hesabu, nikabadilisha urefu wa hatua, nikagawa vyumba vikubwa vikawa vidogo. Niliota maji. Mtoto wa jirani alizaliwa, akatambaa, akaanza kukimbia na kuniita tantine, yaani shangazi, na mimi bado nilikuwa natafuta maji ya Profesa. Kila Jumapili baada ya misa mama aliniuliza, "Amesaini?" na kila Jumapili nilitamani tuwe na mazungumzo mengine.

Kulikuwa na mahali pamoja ambapo sikuruhusiwa kutafuta. Fichier ya vipimo, ile inayoiambia kompyuta ukubwa wa kila bomba, alikuwa ameiandika yeye. Lava ilipoingia mjini zamani ilichukua nyumba yake ya kwanza pamoja na diskette zote, akatoka na mke wake na begi moja la karatasi. Kutoka kwenye karatasi hizo, na pale zilipokosekana kutoka kwenye kumbukumbu yake, alipiga upya fichier nzima, mstari kwa mstari. Aliniruhusu kuinakili na kuisoma. Kubadilisha hata herufi moja, marufuku. "Ile haiguswe. Makosa iko kwako, tafuta kwako." Nami niliisoma mara nyingi, nikaona kila kitu kiko mahali pake.

Na kutoka kwenye fichier hiyo ndipo ilipotoka article yake, makala ya maisha yake. Aliiandika hapahapa Goma, kwa umeme wa panneau ya jua, ikachapishwa katika jarida la kisayansi la ng'ambo, na ilisema kwamba jengo la namna ile, hata katika hewa yetu nyepesi, ukuta unahimili. Ilikuwa fahari ya maisha yake. Alimpa nakala kila aliyevuka kizingiti chake. Padri wa parokia alikuwa nayo, na daktari wa mifugo alikuwa nazo mbili.

Nimwelezeje mtu kama huyu bila kuonekana ninamsingizia? Vita vilipofika ndani ya mji, tukalala chini ya vitanda na kusikiliza. Milio ilipotulia na watu wakaanza kutoka kuhesabiana, nilikwenda kwake kwa miguu. Wengine walikuwa wanakumbatiana barabarani kwa sababu tu wameonana. Profesa alifungua mlango, akanitazama toka juu mpaka chini, akauliza, "Na ile bilan?" Bilan, yaani hesabu ya maji! Nilimchukia siku hiyo, nasema wazi. Niligeuka nikaondoka bila kuingia, nikafika nyumbani na hasira zangu, nikamsimulia mama.

Mama akawa anachambua ndagala, hakuinua macho. "Ule muzee alikuya apa jana," akasema.

"Apa? Kufanya nini?"

"Sijue. Alisimama kwa mulango ya barabara. Akaona nguo zako kwa kamba, akazichunguza muzuri, akarudia. Nilimuita, hakusikia."

Kutoka Himbi mpaka kwetu, siku ile, kwa miguu, mtu wa umri wake. Alitaka kujua kama niko, akaona nguo mbichi, akapata jibu, akarudi. Wala hakuwahi kuligusia jambo hilo, na mimi sikumuuliza. Lakini nawauliza ninyi: angepungukiwa nini kama angebisha hodi?

Hatimaye nilichoka kabisa. Kwenye idara kulikuwa na mwalimu kijana, mtu mwepesi wa kucheka, aliyenionea huruma. "Njoo kwangu," akasema. "Badilisha directeur. Ukuta unahimili, kazi ni nzuri, na ile maji ni kidogo sana, jury haitaiona. Session hii hii unadefend." Kilichohitajika ni karatasi moja ya kuachiwa, nayo, kama mambo yote ya maisha yangu, ilitaka sahihi ya Profesa. Nikaichapisha, nikaiweka kwenye mfuko, nikapanga kwenda Jumamosi.

Ijumaa yake nilipita Birere kumsaidia mama kufunga meza. Alikuwa amenunua mzani mpya, wa betri, wenye namba nyekundu. Mteja akaweka mfuko wa ndagala juu, namba zikasimama: mbili, nukta, tano. Mama akainama akasoma kwa sauti: "Deux virgule cinq."

Nilikuwa nimeshika gunia. Nililiacha likaanguka.

Wasomaji wa nchi nyingine wanisamehe, jambo hili ni la kwetu. Tuliosoma kwa Kifaransa tunatenga namba kwa mkato, virgule. Ndivyo tulivyofundishwa tangu darasa la kwanza, na ukiweka nukta mwalimu anakukata alama. Mashine nyingi zinaandika nukta, sisi tunaisoma virgule na hatuoni tofauti, kwa sababu kichwani hakuna tofauti. Lakini programu ya Profesa iliandikwa kwa desturi ya nukta. Ikikuta virgule, inaona namba imekwisha, inachukua mbili, inaiacha tano, inashuka mstari wa chini, haisemi kitu. Na kwenye fichier isiyoguswa, ukurasa wa mabomba madogo, ule aliouandika kwa kumbukumbu yake, kulikuwa na virgule toka juu mpaka chini. Nilikuwa nimeusoma ukurasa ule nisijue mara ngapi. Jicho lililosoma shule zetu haliwezi kuona kosa pale.

Nilikwenda nyumbani nikafanya kilichokatazwa. Kila virgule nikaifanya nukta. Programu ikazunguka, nikahesabu maji kwa mkono jinsi alivyonifundisha, na yote yakawepo, mpaka tone. Nilipiga kelele mama akadhani ni mwizi. Kisha nikatazama ukuta. Maji yaliyokuwa yanakosekana yalikuwa yamerudi na joto lake na mvuke wake, na mstari wa shinikizo ukapanda, ukagusa uwezo wa ukuta, ukaupita.

Ukuta haukuhimili. Mémoire yangu ilikuwa ya uongo, na article ya Profesa pia.

Sitajifanya malaika. Ningeweza kunyamaza, nikaenda kwa yule kijana na ukuta wangu mzima, nikapata diploma kabla ya mvua. Nililifikiria sana. Badala yake nilirudia hesabu zote, nikaandika upya sura ya matokeo na hitimisho, na kazi hiyo ilinila wiki kadhaa ambazo sikukanyaga Himbi. Nilipokwenda nilikuwa na mémoire mpya mkononi, na ile karatasi ya kuachiwa nimeibakiza mfukoni, akinifukuza isiwe safari ya bure.

Nilimkuta barazani. Alikuwa amezeeka katika muda huo mfupi, anasoma kwa lenzi. "Umepotea," akasema.

"Jambo, Professeur. Maji nimeiona."

Akaweka kikombe chini. Nikafungua laptop mbele yake, fichier yake, ukurasa wa mabomba. "Unisomee apa."

"Deux virgule cinq."

"Programu nayo inasoma nini?"

"Deux vir..." Sikuhitaji kueleza kitu. Alisogeza uso mpaka ukakaribia kioo, akaweka ncha ya kidole juu ya ule mkato, akausugua kidogo.

"Ni miye nilipiga iyi," akasema.

"Ndiyo, Professeur."

"Na ukitia point, bilan inafunga?"

"Inafunga."

"Na ukuta?"

Nilitumaini angechelewa kuuliza. Nikamwonyesha mstari. Aliufuata kwa lenzi toka mwanzo mpaka pale unapopita, akarudi, akaufuata tena. "Unapasuka," akasema. Halafu, kwa sauti ya chini: "Na article yangu inasema unahimili."

Nikamwambia, Professeur, hakuna aliyejenga kinu hapa, hakuna mtu aliyeumia, nani ataiangalia tena. Nilimwonea huruma, na sikuzoea kumwonea huruma. Akatikisa kichwa. "Kinu haiko. Lakini mutu mwenye aliandika iko." Akamwita mke wake, akachukua simu, akaanza kuwaandikia wale wa jarida kwamba matokeo yake si sahihi, kosa ni lake mwenyewe, na mwanafunzi wake ndiye aliyeliona, akataja jina langu kamili pamoja na la baba. Réseau, mtandao wa simu, ikakataa. Mama Profesa akapanda ngazi ya nje na simu imeinuliwa juu, akasimama pale na kitenge chake mpaka ujumbe ukaenda. Akashuka akasema tu, "Imeenda, Papa."

Ndipo nikampa mémoire, ukurasa wa sahihi juu. Akausukuma.

"Hapana. Directeur mwenye hakuona virgule yake mwenyewe hawezi kusaini kazi ya mutu. Enda kwa ule kijana. Najua alikuita. Lete karatasi, uko nayo."

Kweli nilikuwa nayo. Nikaitoa. Akaisaini papo hapo, bila kuisoma, yeye ambaye alisoma hata karatasi za sabuni. Miaka yote ile nimeomba sahihi moja, na sasa ananipa nyingine, ya kuondoka, kwa wepesi huo! Sijawahi kukasirika hivyo maishani. Nikaichana mbele yake, vipande vikaanguka kwenye chai yake.

"Professeur, umenizungusha miaka juu ya maji. Nimekuletea maji, unanitupa? Ule kijana hajue hata kama ilikuwa imepotea! Akisaini yeye, anasaini nini? Ni nani mwingine mu iyi Goma yote anaweza kusoma iyi kazi na kujua kama ni ya kweli?"

Sikuwahi kumpandishia sauti mtu wa umri wake. Mama Profesa, akiwa bado ameshika simu, akasema, "Papa. Sainia mutoto."

"Mama, hauelewe, hii ni mambo ya..."

"Naelewa. Saini."

Akachukua kalamu. Nikashusha pumzi. Akaifungua mémoire, akapita ukurasa wa sahihi, akaenda kwenye utangulizi, akasogeza lenzi, akaanza kusoma neno la kwanza.

Nilitaka kumpiga, Mungu anisamehe. Nikavuta kiti nikaketi. Aliisoma yote. Alisoma majedwali, alisoma maelezo chini ya michoro, alihesabu maji upya kwa mkono pembezoni. Mama Profesa alituletea maharagwe, tukala, akasoma. Mahali pawili alisahihisha Kifaransa changu. Jua lilipokuwa linashuka upande wa Sake alifika mwisho, akafunga, akafungua ukurasa wa sahihi, akasaini polepole, jina lote.

"Ni ya kweli," akasema. "Sasa enda, utachelewa."

Nilitoka na mémoire kifuani, nikavuka geti, nikakaa kwenye jiwe kando ya barabara na kulia kwa sauti, jinsi watu wanavyolia msibani. Motari mmoja, dereva wa pikipiki aliyekuwa anapita, akapunguza mwendo, akasimama, akavua kofia yake.

"Dada, pole sana. Ni nani amekufa?"

"Hakuna. Muzee amesaini."

"Amesaini nini?"

"Mémoire yangu."

Alinitazama, akatazama lile geti, akavaa kofia. "Alors unalia nini? Panda, nikupeleke kwa mama yako."